Bunduki zinahesabiwa, risasi je?

Hakuna kiwanda cha risasi Masisi. Walikale pia hakuna. Kutoka Sake mpaka Kashebere, kutoka Pinga mpaka Hombo, mtu atapata migodi, mashamba ya ng'ombe, vizuizi vya barabarani na wahunzi wa majembe, lakini kiwanda kinachotoa risasi ya Kalashnikov hatakiona. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 risasi hazijaisha katika wilaya hizi mbili za Kivu ya Kaskazini. Chumvi inaweza kukosekana sokoni, dawa ya malaria ikakosekana kwenye kituo cha afya, barabara ikakatika kwa sababu ya mvua, na milio bado ikasikika milimani usiku kucha. Basi zinatoka wapi, na ni nani anayezileta?

Swali hili linaulizwa kwa sauti ndogo. Kila mpango wa amani uliopita huku umehesabu vitu vingine: makundi, majina ya wakuu wao, wapiganaji waliojisalimisha, bunduki zilizokabidhiwa. Mpango wa serikali wa kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha katika maisha ya kiraia, PDDRC-S, uliundwa mwaka 2021, na kabla yake kulikuwa na mingine iliyobadilisha majina tu. Katika mipango yote hiyo bunduki ndiyo ilikuwa tiketi: mpiganaji alete bunduki, apokelewe. Wakaaji wa Masisi wanajua vizuri aina ya bunduki inayoletwa siku hizo. Ni ile ya zamani, kitako kimefungwa kwa mpira, risasi hamna. Ile nzuri inabaki msituni, na risasi zinabaki nayo.

Kalashnikov haichakai haraka. Iliyotengenezwa miaka ya 1970 inaweza kuwa imepita mikononi mwa askari wa Rwanda walioshindwa mwaka 1994, ikaingia kwa AFDL, ikaenda RCD, ikaja CNDP, na leo ikawa begani mwa kijana ambaye hakuwa amezaliwa wakati huo. Kuikamata bunduki hiyo ni vizuri, lakini nyingine 10 zipo. Risasi ina maisha tofauti kabisa: inatumika mara moja na kuisha. Kikasha cha kawaida cha Kalashnikov kinabeba risasi 30, na bunduki hiyo ikiachwa ipige mfululizo inakwenda kwa mwendo wa risasi kama 600 kwa dakika. Maana yake, kikasha kizima kinaisha kwa sekunde tatu. Kundi lenye bunduki 200 na lisilopata risasi mpya kwa miezi miwili linashika fimbo 200 za chuma. Haliwezi kushikilia mgodi wala kulinda kizuizi cha kodi.

Kuna hoja inayoletwa kila jambo hili likiguswa: mkifunga njia, watajitengenezea wenyewe. Wahunzi wapo, vyuma vipo, watu wa hapa ni mafundi. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa ufundi, maana ndiyo inayotumiwa na wale wanaotaka jambo hili liachwe.

Ni kweli kwamba duniani kuna watu wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani. Marekani ni burudani ya watu wengi. Kampuni kama RCBS ya California, iliyoanza mwaka 1943, ilijipatia jina kwa kuuza mashine ndogo za mkono za kazi hiyo. Mtu ananunua mashine kuukuu aliyoiacha mzee fulani, anaisugua kutu, anaitia mafuta, kisha anakaa na vitabu miezi mingi akijifunza, kwa sababu kosa dogo la kipimo linapasua bunduki usoni mwa mwenyewe. Lakini angalia anachohitaji mtu huyo. Anahitaji ganda la shaba lililotengenezwa ili litumike tena. Anahitaji fataki mpya, baruti maalum na vichwa vya risasi, na vyote hivyo vinatoka kiwandani na kuuzwa dukani. Mashine yake haitengenezi risasi kutoka hewani. Inaunganisha bidhaa za viwanda vinne.

Sasa okota ganda moja baada ya mapigano ya Nyabiondo au Mweso. Mara nyingi ni la chuma, si la shaba, limepakwa rangi lisipate kutu, na tako lake limeundwa kwa namna ambayo watu wa mashine zile za mkono hawaipendi kabisa kwa sababu fataki iliyokwisha haitoki kwa urahisi. Lilifanywa litupwe. Jeshi halijazi maganda upya, linanunua masanduku. Mhunzi wa Lukweti anaweza kufua panga zuri kuliko la kiwandani, na hana la kufanya na ganda hilo isipokuwa kuliyeyusha au kuwaachia watoto wachezee filimbi.

Kwa hiyo kila risasi ya bunduki ya kivita iliyopigwa Masisi ilizaliwa kiwandani, ikawekwa sandukuni, ikapita bandarini au uwanja wa ndege au mpakani, ikapanda gari au kichwa cha mbebaji, na kuna mtu aliyeitoa ghalani. Viwanda vyenyewe si vingi. Katika ukanda huu Tanzania ina Mzinga huko Morogoro, Kenya ina kiwanda cha Eldoret, Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Vingine viko mbali zaidi, China, Urusi na Ulaya ya Mashariki. Ubelgiji nao wamewahi kubishana juu ya jambo hili bungeni na magazetini: mwaka 2005 kulikuwa na mzozo juu ya kampuni ya New Lachaussée ya Liège iliyotaka kupeleka Tanzania mashine za kutengeneza risasi. Waliopinga waliuliza risasi hizo zitaishia wapi, na jina walilolitaja ni la Maziwa Makuu. Watu wa Liège walikuwa wakiifikiria Kivu kwa kutazama mashine. Huku kwetu, penye makaburi, mjadala wa namna hiyo ni nadra.

Sehemu moja ya hoja ya wahunzi ina ukweli, nayo ni ya kalibre 12. Katika misitu ya Walikale bunduki ya kuwindia, ya dukani au ya kufuliwa kienyeji kwa bomba, ni kitu cha kawaida, na ganda lake la plastiki au karatasi linaweza kujazwa tena kwa mkono. Mwindaji maskini anafanya hivyo, mara nyingine kwa hatari kubwa, na wapo waliopoteza vidole na macho. Hapa ndipo wengi wanasema: hayo ni mambo ya nyani na swala, yaacheni.

Yasiachwe. Mnamo Novemba 2012 kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo lilitoa ripoti iliyomshutumu Jenerali Gabriel Amisi, wakati ule mkuu wa majeshi ya nchi kavu, kwamba alisimamia mtandao wa kupeleka risasi za uwindaji kwa majangili na makundi ya silaha ya mashariki, yakiwemo ya Raia Mutomboki. Kwa maelezo ya wataalamu, risasi hizo zilitoka Brazzaville, zikavushwa Kinshasa, kisha zikaja huku. Rais Joseph Kabila alimsimamisha kazi mwezi huohuo. Mwaka 2014 viongozi wa ulinzi walitangaza kwamba hana hatia, akarudi jeshini. Msomaji na akate shauri mwenyewe juu ya mtu huyo; neno lenye uzito kwa Walikale ni njia iliyoelezwa. Hata kwa risasi ya kalibre 12, ile ambayo mhunzi angeweza kuijaza mwenyewe, makundi yaliona ni rahisi zaidi kuletewa za kiwandani kutoka upande wa pili wa mto Kongo, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500, kuliko kukaa na kujaza maganda mezani. Hiyo inajibu hoja ya wahunzi vizuri kuliko kitabu chochote cha ufundi.

Wazee wanakumbuka jinsi vita vilivyobadilika. Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa kwenye soko la Ntoto, Walikale, na mauaji yakasambaa mpaka Masisi yote. Yalikuwa mauaji ya kutisha, maelfu walikufa, vijiji vilichomwa. Silaha nyingi zilikuwa mikuki, mapanga, mishale na bunduki za kienyeji. Mwaka uliofuata jeshi lililoshindwa la Rwanda lilivuka mpaka na silaha zake, na kuanzia hapo chuki ileile ya ardhi na ya nani ni mwenyeji ikapata risasi. Panga linachosha mkono. Kijana mmoja mwenye vikasha vinne hachoki mpaka vimekwisha. Hata wale wanaojipaka maji ya dawa ili risasi zigeuke maji hawakosi kuomba masanduku. Imani yao inahusu risasi za adui tu.

Wakoloni walilielewa hili mapema, kwa sababu zao mbaya. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia bunduki za kisasa na risasi zake kuingia Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, na ukaagiza silaha zinazoruhusiwa ziwekwe katika maghala ya serikali. Walitaka Mwafrika abaki na gobole lisilofika mbali. Nia ilikuwa ya unyang'anyi, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi: anayeshika ghala la risasi anaamua nani atapigana na kwa muda gani.

Ulimwengu wa leo umekuwa mzembe zaidi. Desemba 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha makubaliano ya kimataifa ya kupiga alama na kufuatilia silaha ndogo, na risasi zikaachwa nje. Nchi kubwa hazikutaka. Ilibidi kusubiri mpaka Desemba 2023 ndipo Baraza Kuu likapitisha mwongozo juu ya usimamizi wa risasi kutoka kiwandani mpaka zinapotumika au kuharibiwa, nao ni wa hiari. Afrika ya Kati ilikuwa imetangulia. Mkataba uliopitishwa hapahapa Kongo, mjini Kinshasa, tarehe 30 Aprili 2010 na ukaanza kutumika Machi 2017, unataja kwa jina silaha ndogo, risasi zake, na vipuri vyote vya kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Unabeba jina la mji mkuu wetu. Sheria ya ndani ipo pia, ile ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha na risasi, ambayo kwa wino haimruhusu mtu kutengeneza, kuingiza wala kumiliki risasi bila kibali. Na ipo tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogo. Karatasi zipo.

Kinachokosekana kinaonekana ukigeuza ganda na kulitazama takoni. Kuna alama ndogo zilizopigwa hapo, mara nyingi nambari ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika ya kufuatilia silaha wanazipiga picha kila baada ya mapigano, na kwa alama hizo wanajua risasi ilizaliwa wapi na lini. Wanakwama baada ya hapo. Ganda linasema kiwanda kipi, halisemi kiwanda kilimuuzia nani, kwa maana nambari ya fungu huandikwa kwenye sanduku na pakiti, mara chache sana kwenye risasi yenyewe. Sanduku likishafunguliwa na kutupwa, ushahidi umekwisha. Ndiyo sababu kitabu cha ghala kina thamani kuliko maganda 1,000: nambari ya sanduku, tarehe, aliyelitoa, aliyelipokea, sahihi mbili. Duka la bia la Sake linaandika makreti yake namna hiyo. Sanduku la risasi lina zaidi ya risasi 1,000 ndani yake, na linatoka kambini kwa simu moja ya mkubwa.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo wengi hawataki kulisikia wakati huu wa vita. Mei 2022 makundi kadhaa yaliyokuwa yakiuana yenyewe kwa yenyewe yalikutana Pinga, Walikale, na kukubaliana kuungana dhidi ya M23. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Human Rights Watch ilieleza kwamba vikosi vya jeshi la taifa viliyasaidia baadhi ya makundi hayo, pamoja na kuyapa risasi. Mwaka 2023 likaja jeshi la akiba kisheria, na jina la Wazalendo likaenea. Upande wa pili, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba jeshi la Rwanda linaipa M23 wapiganaji, silaha na risasi. Kigali imekana kila mara. Vikwazo vya silaha kwa makundi ya Kivu na Ituri vipo tangu Julai 2003. Desemba 2022 Baraza la Usalama liliiondolea serikali ya Kinshasa sharti la kutoa taarifa kabla ya kununua silaha, na watu wengi walishangilia, kwa haki: nchi iliyoshambuliwa haiwezi kuomba ruhusa ya kujilinda. Lakini uhuru wa kununua haukuja na uhuru wa kutoandika.

Mtu atasema kuandika ni anasa wakati adui yuko Mushaki. Tazama basi yaliyofuata. Rubaya ilianguka Aprili 2024. Masisi-centre ilianguka mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na maghala ya jeshi yakabaki mikononi mwa M23 huku bunduki nyingine zikitupwa barabarani na kuokotwa na yeyote. Tarehe 19 Machi 2025 vita vikafika Walikale-centre, na mgodi wa bati wa Bisie ukasimama kwa muda. M23 wakaondoka mji huo mwanzoni mwa Aprili. Risasi zilizotolewa kwa ajili ya kumzuia adui ziligawanyika hivi: sehemu ilipigwa, sehemu ilitekwa na adui huyohuyo, na sehemu imebaki kwa makundi ambayo kabla ya Pinga yalikuwa yanatoza kodi njiani, yanateka watu na kuchoma vijiji. Hakuna anayeweza kusema kila sehemu ni kiasi gani. Jenerali anayetaka kushinda vita angepaswa kuwa wa kwanza kutaka kujua.

Wazalendo wengi ni vijana waliokwenda mbele kwa moyo, bila mshahara, bila viatu. Kuwaandikia risasi si kuwatukana. Askari wa jeshi lolote lililo jeshi anaandikiwa risasi zake, anaporudi anaulizwa zilizobaki. Kijana asiyeulizwa anajifunza haraka kwamba risasi ni pesa. Inauzwa moja moja, inabadilishwa kwa pombe au mbuzi, na anayenunua haulizwi anaipeleka wapi. Biashara hiyo ya rejareja ndiyo inayofanya mwizi wa usiku katika kambi ya wakimbizi awe na Kalashnikov inayofanya kazi.

Mwindaji wa Walikale naye asifanywe mbuzi wa kafara. Kila operesheni ya silaha inapoanza, wa kwanza kupekuliwa ni yeye, kwa kuwa ana bunduki moja, anaishi mahali panapojulikana na hawezi kujibu. Aandikishwe kwa mwami na kwa msimamizi wa wilaya, bunduki yake ipewe nambari, na risasi za kalibre 12 ziuzwe kwa kibali mahali panapojulikana, kwa idadi ya mwindaji, isiyo ya kundi. Akipata kwa halali, hatakuwa na haja ya kujaza ganda lililopasuka kando ya moto, wala ya kumpikia komanda wa eneo nyama ili agawiwe mbili tatu. Mhunzi aliyefua bunduki jana anajua nani walimwagiza. Anafaa zaidi akiitwa kuliko akifukuzwa.

Na katika mazungumzo yanayoendelea, ya Doha na mengine, wawakilishi wetu wangeomba jambo moja dogo ambalo halipendezi kwenye picha: kwamba wakaguzi wa kusimamisha vita wapewe haki ya kuona masanduku pamoja na mistari ya mapigano. Upande unaosema unataka amani huku ghala lake likijazwa upya kila wiki unaonekana hapo wazi, uwe upande wowote. Mpiganaji anayekabidhi bunduki aulizwe pia risasi 30 ziko wapi, na jibu liandikwe.

Serikalini kuna njia isiyohitaji mkutano wa nje ya nchi. Kifungu cha 138 cha Katiba kinawapa wabunge swali la mdomo, swali la maandishi, na tume ya uchunguzi. Walikale ina wabunge, na wengi wao wako Kinshasa, ambako wanaweza kuongea bila kuogopa kizuizi cha jioni. Wamwandikie waziri wa ulinzi: tangu Mei 2022 ni masanduku mangapi ya risasi yametoka maghala ya jeshi kwenda kwa makundi ya Masisi na Walikale, yana nambari gani, na sahihi ni za nani? Mambo ya siri ya vita yanaweza kujibiwa katika kikao cha siri. Kama vitabu vipo, vifunguliwe. Kama havipo, swali hilo lijibiwe kabla ya kupigwa kura ya bajeti nyingine ya kununua risasi.